Hoteli moja Diani: ngisi safi, ila getini jipange

Chakula nyota nne na nusu, chumba nyota nne, bichi ya Diani huku pwani ya Kenya sina la kuongeza mnaijua, huduma sasa hiyo inategemea umezaliwa na rangi gani. Jina siweki, na wala si hoteli hii peke yake, ukiuliza watu wa Ukunda watakutajia zingine hapo hapo.

Nianze na mazuri maana sitaki kuambiwa nina chuki. Ngisi walikuwa laini kabisa sio ule mpira unaotafuna mpaka taya zinauma, samaki wa kupaka nazi imekolea na ukwaju unausikia, asubuhi mahamri na mbaazi moto moto. Viazi karai vilikuwa baridi, hapo wajirekebishe. Kuna kijana wameajiri na manati yake kazi yake kufukuza tumbili tu na bado tumbili walinibebea mkate mezani nikiangalia. Wifi inafika mpaka chumbani.

Haya, geti. Tulikuwa mimi na mume wangu, yeye ni Mjerumani na tumeoana zamani sana watoto wako sekondari, pamoja na kaka yangu na mwenzake wa kazini. Mume wangu akabaki nyuma kulipa tuktuk mimi nikatangulia na begi langu. Askari: "Dada, unamtembelea nani?" Nikamwambia simtembelei mtu, nimebuk. "Umebuk kwa jina la nani?" La kwangu. Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kilemba, akachukua kitambulisho akaandika kwenye daftari polepole kama anaandika wosia. Mume wangu akafika hapo, hata jina hakuulizwa, "jambo boss, karibu sana", geti likafunguliwa lote.

Nikasema labda askari ni mgeni kazini. Lakini usiku tukitoka kununua maji nje, mume wangu akapitia baa mimi nikaenda moja kwa moja chumbani, resepsheni wakanisimamisha, eti niache kitambulisho na nilipe ada ya mgeni wa usiku shilingi 2,500. Mgeni wa nani jamani? Wa chumba kile kile ambacho kadi ya mlango ninayo mkononi, na bangili yao ya plastiki ya kijani iko hapa kwa mkono inaning'inia! Yule dada wa resepsheni aliiona, akaniambia "ni utaratibu, mamaa".

Na tukiwa bado tunavutana hapo akapita bibi mmoja wa kizungu, umri wa mama yangu, ameshikana mkono na kijana wa rasta wa bichi. Bibi akaitiwa "good night mama". Kijana akasimamishwa. Hapo ndio nikaelewa, kumbe si suala la mwanamke wala mwanamume, anayesimamishwa ni mweusi, basi. Ingawa na sisi huku mitaani tuna unafiki wetu, mimi nikipita na mume wangu naitwa malaya mchana kweupe, yule kijana anaambiwa mjanja, anajitafutia, kesho ataenda Ulaya.

Asubuhi nikamuona meneja, Mkenya mwenzetu, mpole tu. Akasema ni security, wageni wameibiwa vitu vyumbani, halafu kuna mambo ya watoto wadogo kuletwa hotelini. Sawa, hilo la watoto ni la kweli kabisa na mtu wa pwani halichezei, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ina kifungu chake kizima cha utalii wa ngono na watoto. Lakini kifungu chenyewe kinawawinda wanaompangia safari anayekuja na pesa zake na wanaomkutanisha na watoto, sasa mbona kitambulisho kinaombwa cha upande mmoja tu, yule mzee wa kizungu unamwambia jambo boss? Na mimi nina mvi bwana. Akanipa vocha mbili za dawa, ile kokteli ya vodka na asali, nikamwambia sinywi.

Ya kaka yangu ndiyo ilinimaliza. Walibuk chumba cha vitanda viwili wagawane bei, kufika wanaambiwa vimeisha kimebaki cha kitanda kimoja kikubwa, wakasema poa tu, wamelala lori moja hao sembuse kitanda. Weh! Resepsheni ikabadilika. Wanaume wawili kitanda kimoja hapa haturuhusu, sheria ya nchi. Ikabidi wachukue vyumba viwili, bei mara mbili. Na meza ya jirani yetu wakati wa kiamsha kinywa walikuwa wazungu wawili wanaume, wapenzi, hawakujificha, mameneja na mawaita wakawaletea keki ya kutimiza miaka yao na makofi juu. Mimi sina neno nao, walifurahi na keki wakatugawia, ilikuwa ya nazi, tamu. Neno ninalo na hoteli. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kile wanachotishia nacho mashoga, kinazungumzia vitendo, hakitaji nani alale kitanda kipi wala hakiulizi pasipoti, na sheria yenyewe tuliachiwa na Mwingereza, sasa imekuwa ya kusomewa weusi tu?

Mambo haya hayajaanza jana. Machi 2015 kulikuwa na mgahawa wa Kichina Nairobi ulikuwa haupokei Waafrika kuanzia saa kumi na moja jioni, watu wakapiga kelele ukafungwa. Ile ilikuwa rahisi kukasirikia, mwenye mgahawa ni mgeni. Hapa askari ni wetu, resepsheni ni wetu, meneja ni wetu, na kifungu cha 27 cha Katiba kinasema wazi si serikali tu, hata mtu binafsi haruhusiwi kumbagua mwenzake kwa rangi, jinsia au hali ya ndoa. Mwaka 2023 Mahakama ya Upeo ikasema hilo neno jinsia linawahusu hata mashoga na wasagaji, nchi nzima ikawaka moto, na hoteli hii ingekuwa ya kwanza kuwaka, ila mashoga wakilipa kwa yuro inatulia.

Wapishi wapewe nyongeza ya mshahara, walifanya kazi yao. Kaka yangu anangoja arudishiwe pesa ya chumba cha pili, ameambiwa aandike email. Na ukienda wakakudai ile ada ya usiku omba risiti kabla hujatoa hata shilingi, mimi nilipoomba risiti tu ada ikapotea.