Sola nyumbani Moshi: fundi niliyemchagua na kwa nini

Sola ya nyumbani kwetu Rau imeshapita kiangazi, masika na kipupwe, kwa hiyo sasa naweza kuizungumzia. Nimesubiri makusudi Julai ipite. Hapa Moshi, Januari kila sola inafanya kazi: jua kali kutwa, betri inajaa kabla ya chakula cha mchana, na fundi yeyote anaonekana bingwa. Kazi hupimwa kuanzia Juni hadi Agosti, wingu linapotanda tangu alfajiri na siku nyingine jua halionekani mpaka saa nane. Wa Kibosho na Uru juu wanalijua hili kuliko sisi wa huku chini.

Niseme kwanza kwa nini tulifunga, maana ndiyo iliyoamua mengine yote. Mama yangu anatumia insulini, na insulini ambayo haijaanza kutumika inatakiwa ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Umeme ukikatika jioni ukarudi asubuhi, kwetu hilo si suala la kukosa taarifa ya habari. Tulitaka friji lisizime, taa ziwake, na Mama alale bila wasiwasi. Hatukufunga ili kupunguza Luku. Kama upo kwenye ile tarifa ndogo ya TANESCO, D1, ambapo yuniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, pesa ya betri haitarudi upesi kwa kuokoa Luku, na fundi anayekuahidi hivyo hajapiga hesabu.

Nilizungumza na mafundi kadhaa, wa hapa Moshi na wa Arusha. Wengi walianza na bei. "Dada, hii ya milioni mbili na nusu inakutosha, inawasha kila kitu." Kila kitu kipi? Hajaliona friji, hajauliza kama tuna heater ya kuogea, hajui kwamba mparachichi wa jirani unaegemea upande wetu wa magharibi. Mmoja alinitumia profoma kwa WhatsApp hata kabla ya kuniuliza ninaishi wapi. Hao niliwashukuru nikaachana nao.

Niliyemchagua alikuja nyumbani kwanza. Akamwamkia Mama, akaomba aoneshwe friji. Akalivuta mbele, akasoma kibandiko cha nyuma, akauliza lina miaka mingapi. Kisha akachukua karatasi, akaibana kwenye mlango wa friji na kuivuta. Ikatoka bila kukwama. Akazunguka nayo mlango mzima, na upande wa chini wote karatasi ilikuwa inatoka hivyo hivyo. "Mpira umechoka, dada. Baridi inavuja, mota haipumziki. Badilisha mpira kwanza, halafu ndiyo tupime." Nikabadilisha. Akarudi na kile kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya plagi na soketi, akakiacha usiku na mchana, na kilipotolewa kilionesha friji linakula yuniti moja tu na chenji kwa siku. Akapunguza ukubwa wa betri aliyokuwa amefikiria mwanzoni. Yaani kabla ya kuniuzia chochote, alikuwa ameshaniokolea pesa ambayo ingeingia mfukoni mwake. Kwangu mimi uamuzi ulikuwa umeshafanyika pale, yaliyobaki yalikuwa kuthibitisha.

Hesabu yake aliiandika kwenye karatasi nikabaki na nakala: friji, taa za LED, televisheni, ruta ya intaneti, simu. Jumla ikawa karibu yuniti mbili kwa siku. Heater ya kuogea, pasi na jagi la umeme vikabaki kwa TANESCO, kwenye boksi la breka la peke yake, kwa sababu heater moja ya bafuni inaweza kuvuta wati elfu tano, na betri ya nyumba ya kawaida haina ubavu huo. Akanieleza pia kwa nini inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri na paneli uwe wa kutumika nyumbani, isipimwe kwa kujumlisha wati tu: mota ya friji inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko, kwa muda mfupi sana, na inveta ndogo huzima hapo hapo. Tukaenda na inveta ya kilowati 3, paneli mbili za wati 550, na betri ya lithiamu ya voti 25.6 na ampea-saa 100, yaani yuniti mbili na nusu hivi. Usiku tunatumia kama nusu yake. Betri ya maji ingekuwa rahisi dukani, ila ile haifai kushushwa chini ya nusu kila siku, kwa hiyo ungelazimika kununua kubwa zaidi, na kuibadilisha mapema.

Kuhusu paneli naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Kwenye maduka ya mjini, Moshi na Arusha pia, utakuta paneli imebandikwa wati 450 na mtu mmoja anaibeba kwapani. Huhitaji kuwa fundi kuibaini, unahitaji futi kamba. Jua kali kabisa la mchana linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi hugeuza kama asilimia 21 au 22 ya hizo kuwa umeme. Basi mita moja ya mraba haiwezi kukupa zaidi ya wati 200 na kidogo. Paneli halisi ya wati 550 ina urefu wa mita 2.28 hivi na upana wa mita 1.13, na uzito wake unapita kilo 25. Watu wawili ndio huipandisha darini kwa usalama. Niliwahi kushikilia upande mmoja wa futi dukani: paneli ya "450" ilikuwa na urefu wa mita 1.2 na upana wa sentimita 54. Pigeni hesabu wenyewe, haifiki wati 150.

Jambo la pili lililonifanya nimwamini ni profoma ya mshindani wake. Nilimwonesha ile ya bei ya chini kuliko zote, iliyokuwa imetoka Arusha. Hakumsema vibaya mwenzake. Aliuliza tu jina la inveta, akafungua kitabu cha maelekezo cha inveta hiyo kwenye simu, akanionesha mstari mmoja: inveta ile inaanza kupokea umeme wa jua kuanzia voti 120. Paneli mbili za wati 550 zikifungwa mfululizo, yaani moja ikiunganishwa na nyingine ili voti zijumlishwe, zikiwa kazini, zinatoa voti themanini na kitu. Ingekuwa imefungwa ukutani, taa zinawaka kwa TANESCO, betri inajazwa na TANESCO, na paneli juu ya bati hazichangii hata wati moja. Mtu angekaa miezi bila kujua. Tangu siku hiyo kila anayeniuliza namwambia: mwombe fundi akuoneshe, kwa kidole, voti za paneli zako na voti ambazo inveta inazihitaji. Asiyeweza kukuonesha hilo, mwambie asante.

Leseni niliomba kwa wote. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndiyo inayotoa leseni za kufunga mifumo ya umeme, na cheti cha VETA, cha mafunzo ya ufundi, ambacho ni kitu cha kuheshimiwa, ni ushahidi kwamba mtu amesoma, si leseni. Mmoja aliniambia leseni iko ofisini Dar, mwingine kwamba angenitumia. Hakutuma. Wangu aliitoa kwenye begi, na jina la leseni lilifanana na la kwenye risiti ya EFD aliyonipa baadaye.

Halafu usiombe picha za kazi alizofanya. Omba nyumba. Alinielekeza kwa watu wa Kiboriloni aliowafungia misimu miwili ya mvua kabla yetu, akawapigia simu ili wanipokee. Baba mwenye nyumba alikuwa kazini, na nilifurahi, kwa sababu anayeijua sola ya nyumba ni yule anayeshinda nayo. Niliongea na mama wa nyumbani pale. Alijua kusoma asilimia ya betri, alijua afanye nini king'ora cha inveta kikilia, na alisema fundi ndiye aliyemfundisha yeye, si mume wake. Niliangalia dari chini ya paneli: hakuna doa la maji.

Siku ya kufunga nilikaa nyumbani kuangalia. Paneli hazikuwekwa upande wa barabarani, unaopendeza machoni, kwa sababu kuanzia saa tisa mparachichi unatupa kivuli pale, na kivuli cha tawi moja kwenye kona kinaweza kuzishusha paneli zote zilizofungwa mfululizo. Zikaenda juu ya jiko, zikielekea kaskazini. Moshi iko kama nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo uelekeo si jambo la kugombania sana, ila alisisitiza mwinamo wa nyuzi 10 au zaidi ili mvua iteremke na vumbi. Skrubu zote ziliingia kwenye mapapi, zile mbao zinazoshika bati, si kwenye bati tupu, kila moja na raba yake. Waya wa erthi ulitoka kwenye fremu za paneli hadi kwenye chuma kilichozamishwa ardhini nyuma ya jiko, na kifaa cha kuzuia radi kikafungwa kwenye boksi.

Hapo kwenye boksi nilisimamisha kazi kidogo. Kijana wake alikuwa ameshaweka breka ya kawaida ya umeme wa nyumbani kwenye waya za kutoka kwenye paneli. Nilikuwa nimesoma kwamba haifai: umeme wa TANESCO hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na ndiyo inayosaidia cheche kufa breka inapokata, umeme wa paneli haupiti sifuri kabisa, cheche inaendelea kuwaka na inaweza kuunguza boksi. Nikamwuliza fundi mwenyewe. Akaangalia, akaitoa mbele yangu, akamtuma kijana mjini kuleta ya DC, yaani ya umeme wa aina ya paneli. Hakubisha, hakununa. Lakini hili namkata alama, kwa sababu nyumba isiyo na mtu wa kuuliza ingebaki na breka ile.

Kabla ya kuwasha alipima. Akaweka mita kwenye waya za paneli zote mbili, ikasoma voti tisini na kitu, akaniambia nilinganishe na kibandiko cha nyuma ya paneli nilichokipiga picha kabla hazijapanda. Akaandika namba za vifaa vyote kwenye karatasi ya waranti, akasaini, nikasaini. Kisha akamwita Mama, akamweleza taratibu taa ipi ina maana gani.

Ilipofika Julai, kulitokea siku za wingu mfululizo na umeme ukakatika usiku huku betri ikiwa chini sana. Inveta ilizima kabla ya alfajiri. Insulini ilisalimika kwa kuwa hatukufungua friji. Nilimpigia asubuhi, akapokea, akaja siku hiyo hiyo. Tatizo lilikuwa mpangilio: inveta ilikuwa inasubiri betri ifike chini kabisa ndipo ihamie TANESCO. Akaibadilisha ihamie betri ikibaki asilimia 40, ili daima tuwe na akiba ya usiku mmoja wa friji na taa chache. Haikuzima tena hadi leo. Hakudai hata nauli. Naona mpangilio huo ulipaswa kuwekwa tangu mwanzo kwa nyumba yenye dawa kwenye friji, na nilimwambia hivyo. Amesema sasa anauliza kila mteja kama kuna dawa nyumbani.

Mengine ya kulalamikia: alichelewa kuanza kwa sababu ya waya za milimita 6 zilizokosekana mjini, na tundu alilotoboa kwenye dari ya korido lilizibwa vibaya, linaonekana.

Malipo tuliandikiana. Sehemu kubwa nililipa vifaa vilipofika nyumbani nikavihakiki, nyingine baada ya kuwasha, na asilimia 10 nikaishikilia kwa mwezi mmoja. Hakupinga. Mwenzake mmoja wa Arusha alitaka asilimia 80 kabla hata ya kuleta skrubu. Gharama yote ilifika milioni nne na nusu hivi, na bei ile ya chini niliyopewa ilikuwa kama nusu ya hapo, bila erthi, bila breka za DC, na paneli zisizotajwa vipimo.

Nampa nyota nne kati ya tano. Betri ya pili nikiipata, kazi ni yake, na atakuja pia kuziba lile tundu la korido.