Vanishi ya boriti: uliza kwanza inakufa vipi

Ramadhani iliyopita, tumekaa futari, kipande cha vanishi ukubwa wa ukucha kikadondoka kutoka kwenye boriti hadi ndani ya bakuli la uji la wifi yangu. Akakitoa kwa kijiko, akakiweka ukingoni mwa sahani, kimya. Bora angesema.

Vanishi ile niliinunua mwenyewe. Muuzaji aliapa: "Hii ya majahazi, mwanangu, maji hayaingii." Kweli hayaingii. Tabu ni kuwa hayatoki pia. Dari zetu za Mji Mkongwe ni boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Masika yakianza chokaa inakunywa, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani zinavuta unyevu vilevile. Unyevu ule unatafuta pa kutokea. Ukiuzibia kwa utando mgumu, utando unafura malengelenge, kisha unabambuka.

Kwa hiyo dukani msihangaike na rangi wala mng'aro. Ulizeni: ikichoka, inafifia au inabambuka? Inayofifia unaifuta vumbi na kupaka mkono mwengine, yaani tabaka jipya. Inayobambuka utaikwangua juu ya ngazi, shingo imepinda, unga umejaa machoni.

Ya kwanza kwangu ni Osmo ya Ujerumani, na sioni haya kuipendelea. Ni mafuta na nta za mimea, inazama ndani ya mbao. Mikono miwili myembamba inatosha. Myembamba, fundi! Lita 1 inapaka zaidi ya mita za mraba 20 kwa mkono mmoja, basi akikudai makopo matatu kwa chumba kimoja, mtazame vizuri. Kuipata ndiyo kazi. Kopo langu lilikuja ndani ya kontena la shemeji, katikati ya magodoro.

Ya pili, mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Mabichi yanakaa siku nyingi yananata, na vumbi la chokaa linaganda humo. Chumba kisichopita hewa yatakuletea ukungu. Na matambara uliyofutia yatandaze nje au yaloweke. Ukiyafinyanga pembeni huweza kuwaka yenyewe.

Vanishi ya maji haina harufu kali, lakini ni utando uleule. Oili chafu ya gari: hapana.

Ukiona unga mpya chini ya vitundu vya boriti, hao bungua. Dawa kwanza.

Sasa wauzaji. Kopo la ile vanishi ya majahazi lilikuwa na alama ya bisibisi kwenye kifuniko, na ndani vanishi nyepesi kama chai ya rangi. Nani aliongeza thina ya kuizimua? Niliporudi nikaambiwa fundi wangu hajui kupaka. Bei nayo: mimi na buibui langu nilitajiwa moja, mpwa wangu alipokwenda kwa kopo lilelile akiwa na mgeni wa hoteli, akatajiwa nyengine, karibu mara mbili.

Boriti 11 nimeshazikwangua. Zimebaki 4, zote juu ya meza ya chakula.