Vifaa vya Kumfundishia Mtoto Anga la Usiku: Kipi Kinunuliwe Kwanza na Kipi Kiachwe Dukani

Mzazi au mwalimu anayetafuta kitu cha kumfundishia mtoto wa miaka minne hadi tisa habari za nyota na sayari hukutana na bidhaa nyingi ambazo ziliandaliwa kwa ajili ya mtoto anayeishi mbali sana na Ikweta. Ramani ya nyota humwelekeza kwenye Nyota ya Kaskazini, ambayo kwa mtoto wa Mombasa, Dar es Salaam au Mbeya haichomozi kamwe. Kitabu humchorea mwezi mchanga uliosimama wima, ilhali yeye huuona upande wa magharibi umelala chali kama dau. Kundi la Jabari, yaani Orion, ambalo michoro ya Ulaya huliweka limesimama, huku kwetu huchomoza limelala ubavu, na ukanda wake wa nyota tatu hupita karibu kabisa na utosi wa mtu aliyesimama Nairobi. Kwa sababu hiyo, mpangilio ufuatao hautangulizi bei wala wingi wa picha kwenye boksi, bali swali moja: je, kitu hiki kinakubaliana na kile ambacho mtoto atakiona akitoka uani saa moja na nusu usiku?

Saa hiyo nimeitaja kwa makusudi. Katika Afrika Mashariki giza huingia mapema mwaka mzima, hivyo somo la nyota linaweza kumalizika kabla ya wakati wa kulala, jambo ambalo mzazi aliyeko London hawezi kulipata mwezi Juni, kwa kuwa huko mtoto angelazimika kukesha hadi karibu saa tano usiku. Faida hii ni ya bure, na inafaa itumike kikamilifu kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Nafasi ya kwanza: tufe la dunia na tochi

Huenda msomaji alitarajia darubini, lakini kwa mtoto mdogo hakuna kifaa kinachofundisha mengi kwa gharama ndogo kama tufe la dunia likimulikwa kwa tochi katika chumba chenye giza. Bandika kipande kidogo cha karatasi juu ya mji wenu, kisha lizungushe tufe kutoka magharibi kwenda mashariki, na mtoto ataona kwa macho yake kwamba si jua linalopanda, bali ni ardhi yake inayogeukia mwanga. Ataona pia kwamba Mombasa inapopambazukiwa, Kinshasa bado imo gizani, na kwamba Dar es Salaam hulipata jua zaidi ya nusu saa kabla ya Kigoma ingawa saa za ukutani katika miji hiyo miwili zinalingana. Mtoto anayehesabu saa kwa Kiswahili ana msingi mzuri wa somo hili, kwa sababu saa moja yake ya asubuhi huja muda mfupi tu baada ya macheo, Januari hadi Disemba.

Tufe hilohilo hufundisha ukubwa na umbali, mambo ambayo karibu kila picha ya mfumo wa jua huyapotosha. Tufe likiwa na kipenyo cha sentimita 30, mwezi utakuwa chungwa la sentimita 8 hivi, na mahali pake si kando ya tufe bali umbali wa mita 9, pengine nje ya mlango. Jua kwa kipimo hicho lingekuwa na upana wa mita 33 na lingewekwa kilomita tatu na nusu kutoka hapo. Watoto hulipenda sana zoezi la kubeba chungwa na kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi waambiwe wasimame, na wengi huanza kubisha kabla hawajafika nusu ya njia.

Katika kununua, chagua lenye kipenyo cha sentimita 25 hadi 30 na mhimili ulioinama, kwani yale madogo ya kuweka mezani kama pambo hayana nafasi ya kuonyesha nchi zetu vizuri. Tazama kama Sudan Kusini imechorwa. Ikiwa haipo, ramani hiyo ilichorwa kabla ya mwaka 2011. Usilipie zaidi kwa ajili ya taa iliyomo ndani ya tufe, kwa kuwa taa hiyo humulika pande zote kwa pamoja na hivyo kuliua somo la usiku na mchana. La muhimu zaidi kwetu, kagua mshono. Matufe ya bei nafuu huundwa kwa nusu mbili zinazogundishwa kwenye Ikweta, na fundi asipokuwa makini, Kenya, Uganda na Kongo hukatika na Ziwa Viktoria likasogea pembeni. Mnunuzi wa Ulaya hawezi kuligundua kosa hilo kwa urahisi, ila mtoto wa Kisumu ataligundua siku ya kwanza. Kwa darasa kubwa, tufe la plastiki la kujazwa upepo linatosha, mradi lisibonyee.

Nafasi ya pili: darubini ya macho mawili

Hiki ndicho kifaa cha kutazamia ambacho ningemshauri mtu akinunue kabla ya darubini yoyote yenye stendi. Kila darubini ya aina hii huandikwa namba mbili, kwa mfano 7x35, 8x40 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Muuzaji atakusifia namba ya kwanza ikiwa kubwa, nawe unapaswa kumpuuza, kwa sababu kadiri ukuzaji unavyoongezeka ndivyo mtetemo wa mikono unavyoongezeka, na mtoto hawezi kukishika kitu kizito bila kutetemeka. Darubini ya 10x50 mara nyingi hukaribia kilo moja. Inamfaa mzazi, lakini kwa mtoto wa miaka sita au saba ni bora 7x35 au 8x40. Zile zenye ukuzaji unaobadilishwa kwa kitufe ziache, na pia zile ambazo lenzi zake zinang'aa rangi nyekundu ya kioo cha kujitazamia, kwani rangi hiyo huurudisha nyuma mwanga ambao usiku tunauhitaji sana.

Namba zilizoandikwa si za kuaminiwa bila kupimwa, hasa katika maduka ya mitaani ambako darubini ndogo ya kushikwa kiganjani inaweza kuandikwa namba za kutisha. Ielekeze darubini mahali penye mwanga, ishike mbali na uso kwa urefu wa mkono, na utaona viduara viwili vyeupe katika lenzi za nyuma. Upana wa kila kiduara unatakiwa kuwa sawa na namba ya pili ukiigawa kwa ya kwanza, kwa hiyo 8x40 halisi itakuwa na viduara vya milimita 5. Vikiwa vidogo zaidi ya hapo, au vikiwa na pembe badala ya kuwa duara, hayo ni maelezo tosha ya bei yake.

Jaribio la mwisho ni la mtoto mwenyewe, na ndilo linalosahauliwa zaidi. Macho ya mtoto yamekaribiana kuliko ya mtu mzima, na darubini nyingi hazikunjiki kiasi cha kumtosha. Ikunje hadi mwisho, mpe atazame mti au paa la mbali, kisha umuulize anaona duara moja au mawili. Akisema mawili, darubini hiyo itamfaa baada ya miaka kadhaa, si sasa.

Darubini ikiwa sahihi, hutoa mavuno makubwa. Mwezi usiutazame ukiwa mpevu, kwa kuwa wakati huo mwanga huuangukia moja kwa moja na hauachi vivuli. Subiri tarehe 7 au 8 ya mwezi mwandamo, ambapo vivuli vya milima na mashimo huonekana kwenye mpaka wa mwanga na giza. Kilimia, ambacho kwa macho matupu huonyesha nyota sita au saba, hugeuka kuwa makumi ya nyota, na hapo ni pahali pazuri pa kumweleza mtoto kwa nini wazee wa pwani walisema kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Darubini ikiegemezwa ukutani ili itulie, sayari ya Mshtarii huonyesha miezi yake minne mikubwa, ileile ambayo Galileo aliigundua Januari mwaka 1610, na mtoto akichora nafasi zake kwa usiku tatu mfululizo ataona kwamba imehama. Mtoto alale mkekani badala ya kusimama, shingo yake itakushukuru. Kwa wakazi wa pwani, hifadhi darubini pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, la sivyo ukungu utaota ndani ya lenzi, nao ukishaota ni vigumu kuutoa.

Nafasi ya tatu: vitabu na programu za simu

Kitabu cha picha hukipa kila kifaa kingine maneno yake. Hakikisha kina sayari nane, kwa kuwa Pluto iliondolewa katika orodha ya sayari mwaka 2006, na ukitazame kinavyouchora mwezi na kama kinataja Msalaba wa Kusini, unaoonekana vizuri kwetu jioni za Aprili hadi Juni. Kikizungumzia Nyota ya Kaskazini peke yake, na theluji ya Disemba kana kwamba ni ya dunia nzima, si lazima kukataliwa, lakini mzazi awe tayari kufafanua. Jambo moja la karibu nasi ambalo vitabu hivyo hulikosa ni kwamba setilaiti iitwayo Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa mahususi kuchunguza eksirei kutoka angani, ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi.

Ramani za nyota za kuzungusha kwa mkono hutengenezwa kwa latitudo maalumu. Familia iliyoko Muscat au Toronto itanunua ya latitudo yake na itafaidika nayo. Aliye karibu na Ikweta ni afadhali atumie programu ya simu kama Stellarium au Sky Map, ambazo zinapatikana bila malipo na hulichora anga la mahali ulipo. Punguza mwanga wa kioo na uwashe hali ya rangi nyekundu, maana macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza na huipoteza hali hiyo kwa kutazama simu mara moja tu. Simu ishikwe na mtu mzima. Ikiingia mikononi mwa mtoto, ataitazama simu na kuisahau nyota.

Nafasi ya nne: darubini ya mezani

Mtoto akishafika miaka minane na bado anauliza, darubini fupi ya kioo inayokaa juu ya meza na kuzungushwa kwa mkono, yenye kipenyo cha milimita 76 hadi 130, ni ununuzi wa haki. Celestron FirstScope, iliyotoka mwaka 2009 ulipoadhimishwa Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, ni mfano wa ndogo kabisa katika aina hii: kipenyo chake ni milimita 76, na lenzi zake mbili hukuza mara 15 na mara 75. Kununua ya milimita 114 au 130 ni bora zaidi ikiwa mfuko unaruhusu. Meza iwe imara, la sivyo fedha yote imepotea. Pete za Zohali zitaonekana, ingawa mnunuzi ajue kwamba mwaka 2025 zilitugeukia kwa ukingo na ndiyo kwanza zinaanza kufunguka tena.

Nafasi za mwisho

Sayari za plastiki za kuning'iniza hufundisha majina na mfuatano, basi. Taa inayorusha nyota darini ni pambo la chumba cha kulala, kwani nukta zake kwa kawaida hazifuati kundi lolote la kweli. Ikiwa inatumia betri ndogo bapa kama kitufe, kifuniko chake lazima kifungwe kwa skrubu, maana betri hiyo ikimezwa huunguza koo la mtoto kwa muda mfupi.

Mwisho kabisa naiweka darubini ndefu ya bei rahisi yenye miguu mitatu myembamba, ambayo boksi lake hutangaza ukuzaji wa mara 525. Ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya kipenyo cha lenzi kwa milimita, kwa hiyo ya milimita 60 inaishia mara 120, na kwa stendi yake inayotikiswa na upepo haifiki hata hapo. Ikija na kichujio cha jua cha kukaza kwenye lenzi ya jicho, kitupe siku hiyohiyo: joto lililokusanywa na darubini linaweza kukipasua wakati jicho la mtoto liko pale.

Kwa jua kinachonunuliwa ni miwani ya karatasi yenye alama ya ISO 12312-2, na wakati wake unakaribia, kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu katika nchi za Misri, Saudi Arabia, Yemen na Somalia, na Kenya italiona likipatwa kwa sehemu. Ukiivaa ndani ya nyumba usione chochote isipokuwa, kwa mbali, taa kali sana; ukiweza kuona samani au dirisha, irudishe kwa muuzaji. Miwani hiyo ni ya macho matupu tu, na haivaliwi kamwe kutazamia jua kupitia darubini.