ASSIST: tovuti nzuri ya kupangia kozi za elimu ya jumla California, ila ratiba utaitengeneza mwenyewe

Anayeanza chuo cha jamii (community college) California kwa nia ya kumalizia shahada UC au CSU, mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo, hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: kozi za fani yake na kozi za elimu ya jumla. ASSIST (assist.org) ndiyo tovuti rasmi inayoonyesha kozi ipi ya chuo cha jamii inapokelewa badala ya kozi ipi ya chuo kikuu cha umma. Ni bure, haikudai akaunti, na kwa kazi hiyo tunaipa alama za juu kabisa. Wanaopotea nayo ni wale wanaodhani itawapangia mihula.

Unachagua mwaka wa masomo, chuo ulichopo, chuo unakokwenda, kisha fani. Kushoto inakaa kozi inayodaiwa na chuo kikuu, kulia kozi ya chuo chako inayolingana nayo. Kosa la kawaida liko kwenye neno dogo “AND” kati ya kozi mbili za kulia: lazima uzisome zote mbili, moja peke yake haihesabiwi. Kosa la pili ni mwaka. Makubaliano ya vyuo kuhusu kozi zinazolingana hubadilika, na kinachotawala ni mwaka uliosoma kozi, kwa hiyo fungua tena ukurasa kabla ya kujiandikisha kila muhula na uhifadhi nakala ya PDF.

Orodha ya Cal-GETC, yaani kozi za elimu ya jumla zinazopokelewa na UC na CSU, nayo imo humo, ndiyo moyo wa mpango wa elimu ya jumla. Tangu muhula wa vuli 2025 imechukua nafasi ya IGETC, orodha ya awali ya aina hiyo, na mpangilio wa zamani wa CSU kwa wanaoanza upya. Inadai kozi 11, yuniti (kipimo cha uzito wa kozi) 34 kwa uchache: uandishi, fikra tunduizi na kuzungumza hadharani (yuniti 9), hisabati (3), sanaa na ubinadamu (6), sayansi ya jamii (6), sayansi asilia pamoja na maabara (7), na masomo ya makabila na jamii za Marekani (3). Kila kozi inataka C au zaidi, C- haipiti. Kozi mbili za sayansi ya jamii lazima zitoke taaluma mbili tofauti. Maabara nayo lazima ifungamane na mojawapo ya kozi zako za sayansi. Na kozi iliyoorodheshwa chini ya maeneo mawili bado inajaza moja tu.

Sasa kuhusu mpangilio, ambao tovuti haiusemi. Anza na ukurasa wa ASSIST wa fani yako, si wa elimu ya jumla. Weka alama kwenye kila kozi ya fani inayojaza pia eneo la Cal-GETC. Mwanafunzi wa saikolojia, kwa mfano, akisoma PSYC C1000 (utangulizi wa saikolojia) na STAT C1000 (takwimu) amejaza nafasi mbili bila yuniti ya ziada. Muhula wa kwanza weka ENGL C1000 (uandishi) na hisabati: ENGL C1001 (fikra tunduizi) haifunguki bila ya kwanza, na mnyororo wa hisabati ukichelewa unavuta sayansi zote nyuma. Kozi za sanaa na ubinadamu hazina haraka, zigawe katika mihula iliyojaa maabara ili upumue. Kwa uhandisi tunashauri wazi: maliza kalkulasi na fizikia kwanza, hata kama Cal-GETC itabaki na mapengo.

Piga hesabu ya yuniti mapema. Kuingia mwaka wa tatu kunahitaji 60 zinazohamishika, yaani 15 kwa mihula minne. Mwenye viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, anatakiwa asipungue 12 kwa muhula, na wengi hushika 12 hizo kama lengo. Mihula minne ya 12 ni 48. Zile 12 zilizobaki ni muhula mzima wa ada na kodi ya nyumba, isipokuwa uzibe kwa masomo ya kiangazi. Tena katika 12 hizo, kozi ya mtandaoni inayohesabiwa ni moja tu.

Udhaifu wa ASSIST ni dhahiri. Haikuambii kozi inafundishwa muhula gani, na kozi inayotolewa mara moja kwa mwaka inaweza kuvunja mpango mzuri. Vyuo vya nje ya California havimo, kwa hiyo aliyekuja na mwaka mmoja wa chuo kikuu Nairobi au Dar es Salaam hataona kozi zake. Kwa kawaida nakala yake ya matokeo hupitia kwanza shirika la tathmini linalokubaliwa na chuo. Mwanafunzi wa CSU akumbuke pia yuniti 9 za elimu ya jumla ya ngazi ya juu zinazosomwa baada ya kuhamia, pamoja na sharti la historia na katiba ya Marekani, ambalo anaweza kulimaliza mapema kwa kozi zinazojaza maeneo ya Cal-GETC.

Kabla hujaondoka, omba cheti cha kukamilisha Cal-GETC katika ofisi ya kumbukumbu ya chuo chako cha mwisho cha jamii. ASSIST haikuombei. Bila cheti hicho, chuo kikuu kinaweza kukupima kwa masharti yake chenyewe, kozi kwa kozi.