Hoteli mbili za Lubumbashi: ya katikati ya mji na ya upande wa Golf

Duka langu la vipuri vya malori liko Kolwezi, lakini wauzaji wa jumla wako Lubumbashi, kwa hiyo vitanda vya hoteli za mji huu nimevizoea kuliko vya shangazi zangu wanaoishi humo humo. Wananilalamikia kwamba sifikii kwao. Ukifikia kwa ndugu, usiku wa kwanza tu umeshasikia habari za ada ya shule ya watoto watatu, na bahasha ya pesa za vipuri imeanza kukonda kabla haijamfikia muuzaji. Bora hoteli.

Ya kwanza niliyolala msimu huu wa baridi iko katikati, mwendo mfupi wa miguu kutoka posta. Sitaitaja jina, maana wafanyakazi wake ni watu wema na shida iko kwa patroni wao. Nje inang'aa kwa vioo na marumaru. Chumba ni dola 90. Ukitaka kulipa kwa faranga, wanakupigia hesabu kwa kiwango chao wenyewe, ambacho wabadilisha fedha wa barabarani wakikisikia watacheka. Nikaamua kulipa dola. Kijana wa mapokezi akaichukua noti yangu ya 50, akaiinua kwenye taa, akapitisha kidole ukingoni polepole, upande mmoja baada ya mwingine, mpaka akakuta kimpasuko cha ukubwa wa punje ya mchele. Akanirudishia kwa mikono miwili. "Samahani mama, patroni hataipokea." Kwa hilo siwalaumu, nchi nzima tunaishi hivyo: noti ya dola ikichanika Kongo imekufa, hata kama Marekani kwenyewe bado ni pesa. Njooni na noti safi, na zile za dola 1 ziacheni nyumbani.

Sasa maji. Anayetoka Kolwezi kwa barabara, kilomita kama 300 kupitia Likasi, anafika na vumbi mpaka ndani ya masikio, hasa Juni na Julai ambapo mvua imeshasahaulika. Na miezi hiyo hiyo ndiyo baridi ya Lubumbashi. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Wageni wanaodhani Kongo yote ni jasho la msituni wabebe sweta. Ndiyo maana mimi nikiingia chumbani siangalii televisheni wala godoro, nafungua bomba. Lile la hapa lilikohoa, likatema maji ya rangi ya kutu, kisha kimya. Nikapiga simu mapokezi.

"Kuran iko, mama. Mayi njo haiko." Yaani umeme upo, maji ndiyo hayapo.

Saa mbili usiku mayi ikarudi, kuran ikaenda. Hita ya ukutani ikabaki pambo. Jenereta ilikuwapo, mngurumo wake nilikuwa nausikia, ila ilikuwa inalisha mapokezi, baa na bango la nje. Vyumba havimo. Nilipouliza, kijana akainamisha macho: ndiyo agizo. Hapo ndipo nilipochukia. Umeme kukatika simlaumu mwenye hoteli. Umeme wa bwawa la Inga, magharibi mwa nchi, unasafiri kilomita 1,700 hivi kwenye waya mpaka kwetu Kolwezi, migodi inaupokea mlangoni, wenye nyumba tunabaki na makombo. Nalijua hilo tangu utoto. Lakini mtu anitoze dola 90, bango lake liwake kwa rangi nne, na mimi niko ghorofani najimwagia maji ya barafu kwa mwanga wa simu? Hapo nchi haihusiki. Kuna mtu alikaa akaamua nani apate taa na nani akose.

Mashuka yalikuwa safi, chai ya asubuhi ya kawaida. Na kusema kweli, kutoka pale kwa miguu hadi kwa wauzaji wangu wawili bila kulipia usafiri ni raha.

Ya pili nilielekezwa na mteja wangu mmoja. Iko upande wa mtaa wa Golf: nyumba kubwa ya zamani, vyumba vimeongezwa uani, miembe, ukuta mrefu. Dola 65. Kabla ya kuuliza bei, nilimuuliza mama mwenyewe kwenye simu jenereta inawashwa saa ngapi. Hakubabaika. "Saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne, na alfajiri saa kumi na moja mpaka saa moja, vyumba vyote. Usiku wa manane hapana, mama, mazutu (dizeli) ni ghali." Nikampenda palepale. Mtu anayekutajia saa anazozima ameshakuheshimu. Maji anayo ya foraje, yaani kisima kirefu cha kuchimbwa, yanapandishwa kwenye matangi juu ya mnara, na yanatoka kwa nguvu.

Kuna asubuhi jenereta ilikataa kuwaka. Nilikuwa bado najifunga kitenge nitoke nikalalamike, mlango ukabishwa. Mlinzi, koti zito mpaka magotini, ameshika ndoo ya maji yaliyochemshwa kwa makaa. Juu ya ndoo sahani ya bati, mvuke usipotee, na juu ya sahani kopo la kuogea. "Mama ametuma, vyumba vyote." Akaweka chini, akaenda kuleta nyingine ya jirani. Marumaru sijaikumbuka tena.

Chakula kizuri lakini kinachelewa. Agiza kabla hujaingia kuoga: bukari (ugali) ya mahindi matupu, lengalenga (mchicha), na samaki thomson wa kukaanga mpaka mkia unavunjika mdomoni. Pilipili yao msiichezee.

Sasa ubaya wake. Ni mbali. Ukiwa na shughuli mjini asubuhi na jioni, taksi inakula ile tofauti ya dola 25 yote, na usiku madereva wanapandisha bei wakishasikia unaelekea wapi. Intaneti inashika kwenye korido tu; wageni wanakaa pale na blanketi mabegani, kila mtu na simu yake. Neti ya kitandani kwangu ilikuwa na tundu, nikalifunga kwa kibana nywele. Na kuna ukumbi wa harusi hapo hapo uani. Jumamosi muziki ulipigwa mpaka jogoo wakanyamaza kwa aibu, na mama akaniambia bila kuona haya kwamba ukumbi ndio unaolipia mazutu.

Kwa mtu wa kazi ya siku moja mjini, anayeondoka kesho yake mapema, ile ya katikati inavumilika, akioga mchana. Mimi narudi Golf. Mkipiga simu, ombeni vyumba vya nyuma, upande wa miembe. Vya mbele vimepakana na jenereta, na ikiwaka alfajiri kitanda kinatetemeka. Halafu muulizeni mama kama Jumamosi hiyo ukumbi umekodishwa. Atawaambia ukweli.