Bucha la Ng'ambo: nyama nzuri, hesabu jifanyie mwenyewe

Tangu daktari aniambie nipime protini kwa ajili ya figo, nimekuwa mteja msumbufu. Kwenye bucha ninalonunua, huku kwetu Ng'ambo, nyama inaning'inia kwenye kulabu, haina kibandiko wala karatasi. Nilimuuliza kijana wa bucha hii ina mafuta kiasi gani. Akacheka: "Bi mkubwa, huyu ng'ombe, si biskuti."

Basi najihesabia. Steki mbichi isiyo na mafuta, gramu 100, ina protini kama gramu 20 hadi 22. Kinachobadilika sana ni mafuta: gramu moja kalori 9, wakati ya protini ni 4. Kwa hiyo ule weupe wa pembeni nauondoa kwa kisu kwanza, ndipo napima. Na pimeni mbichi! Nyama ikiiva hupungua kama robo ya uzito kwa kutoka maji, protini karibu yote inabaki. Mie nilipima iliyoiva kwa hesabu ya mbichi, wiki nzima najidanganya.

Kasoro yao ni mchanganyiko. Juzi nilinunua kilo, nikafika nyumbani nikatenga mifupa: gramu 310. Supu ilikuwa tamu, sikatai, lakini nilifanya hesabu ya kilo nzima. Sasa nachukua steki tu, na nasimama ubavuni mwa mzani.

Usafi hawana neno. Nendeni kabla ya saa 2 asubuhi, mkichelewa mtakuta shingo.