Toleo "jepesi" la Freud: limerahisisha vizuri, ila limekata moyo wa kitabu

Haya matoleo ya Freud ya "lugha ya kisasa" yamejaa mtandaoni siku hizi na sababu iko wazi, mzee Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa akili (psychoanalysis), alifariki 1939, hakimiliki ya maandishi yake ya Kijerumani nchi nyingi imeshaisha, kwahiyo mtu yeyote anaweza kuchukua kitabu akakipiga msasa akakiuza. Mimi nimesoma toleo moja la kile cha 1930, Das Unbehagen in der Kultur (kwa Kiingereza Civilization and Its Discontents), kile kinachouliza kwanini binadamu kajenga ustaarabu wote huu alafu furaha bado haipati. Mchapishaji simtaji, nakwambia tu nilichokikuta ndani.

Nianze na uzuri maana upo. Sura ya 2 imetoka safi sana. Pale Freud anasema mateso yanatujia kutoka pande tatu, mwili wetu wenyewe unaochakaa, dunia ya nje na nguvu zake, na watu tunaoishi nao, na hayo ya watu ndo yanauma kuliko yote. Alafu anapitia njia moja moja ambazo watu wanajaribu kukimbilia, ulevi, kazi, sanaa, mapenzi, dini, kujitenga kabisa, na kila njia anaonyesha inasaidia wapi na inavuja wapi. Sentensi fupi za toleo hili zimesaidia kweli, mtu ambaye hajawahi kugusa saikolojia anaelewa bila kurudia. Sura ya 3 nayo hivyo hivyo, ile hoja kwamba simu inanipa sauti ya mwanangu aliye mbali, ila bila reli mwanangu asingeondoka nyumbani na hiyo simu nisingeihitaji. Kaandika karibu miaka mia iliyopita yani, na bado inakugusa ukiwa umeshika simu mkononi.

Sasa shida. Mhariri ameona mashaka ya Freud ni uchafu wa kufagia. Mwanzo wa sura ya 6 kwenye kitabu kamili mzee analalamika kabisa kwamba hajawahi kuandika kitu huku anahisi hivi kwamba anasema mambo ambayo kila mtu anayajua, anapoteza karatasi na wino bure. Hapa hakuna hata neno. We unaweza kusema sawa si inapunguza kurasa tu, hapana bana, ndo unamwona mtu anafikiri mbele yako na hana uhakika, na sehemu yenyewe ni ile anayoingiza silika ya kifo, yani msukumo wa ndani wa kuharibu na kujiharibu, hoja ambayo hata wenzake wengi waliipinga. Ukiondoa kusitasita kwake inabaki amri, kama vile mzee anahubiri.

Tanbihi nazo zimefutwa zote. Matokeo yake kwenye sura ya 1 yule rafiki aliyemwandikia barua kuhusu ile hisia ya kuwa kitu kimoja na ulimwengu mzima, hisia ambayo Freud anakiri haioni ndani yake, anabaki "rafiki mmoja" tu. Ni Romain Rolland, mwandishi wa Kifaransa, na Freud mwenyewe alimtaja jina kwenye tanbihi ya toleo la 1931.

Kilichoniuma zaidi ni sura ya 7. Hapa ndo moyo wa kitabu wote, kwamba ile hasira ambayo jamii inatukataza kuitoa nje haipotei, inageuka inarudi ndani, inakaa kama mlinzi anayetuhukumu, na jambo la ajabu ni kwamba mtu anavyozidi kuwa mwema ndivyo huyo mlinzi anavyozidi kumbana, kwasababu yeye haangalii ulichofanya tu, anaangalia hata ulichotamani, na tamaa hauwezi kumficha. Ndo maana Freud anasema tunalipia maendeleo kwa furaha yetu, kupitia hisia za hatia. Hoja hii inahitaji hatua kwa hatua, mtoto anaogopa kwanza kupoteza upendo wa mzazi, baadae mzazi anaingia ndani ya kichwa chake. Toleo hili limeipa aya mbili alafu likakimbia. Mtu atafunga kitabu akidhani Freud alisema tu "dhamiri inatusumbua".

Badala ya hayo kila sura imewekewa maswali ya kujitafakari mwishoni, ya aina ya hatua gani utachukua leo uwe na furaha. Kusema ukweli hii ni kwenda kinyume na mwandishi ndani ya kitabu chake mwenyewe, maana sura ya 2 anasema wazi hakuna kanuni moja ya furaha inayowafaa wote, kila mtu atafute njia yake.

Na mwisho. Toleo la 1930 liliisha na tumaini kwamba Eros, yani nguvu ya upendo na uhai, atajitahidi kupambana na mpinzani wake, ile silika ya kifo. 1931 Freud akaongeza sentensi moja ya swali, nani anaweza kujua matokeo yatakuwaje? Unaelewa kwanini aliuliza, Wanazi wa Hitler walikuwa tayari wamepata viti 107 kwenye uchaguzi wa Ujerumani wa Septemba 1930. 1933 vitabu vyake vikachomwa Berlin, 1938 akaikimbia Vienna kwenda London. Hilo swali halipo kwenye toleo hili, limeishia kwenye tumaini tupu.

Ushauri wangu, kama unataka kuonja tu, sura ya 2 na ya 3 za matoleo haya zinakutosha. Ukitaka kitabu chenyewe kwa Kiingereza cha sasa kisichokatwa, tafuta tafsiri ya David McLintock ya 2002 ya Penguin, inasomeka kirahisi kuliko ile ya zamani ya James Strachey. Na kabla haujalipia toleo lolote fungua zile kurasa za bure, angalia kama kuna tanbihi, alafu kama wanakuruhusu kuona ukurasa wa mwisho, angalia kama unaishia na swali.